Nyota ya Kijani Kwenye Mlango wa Zahanati

Wanawake wa mkoa wa Simiyu hawajawahi kukosa kazi. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilipogeuka nchi ya pamba, wao walipalilia na kuchuma, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni. Pamba ikishapimwa kwenye chama cha ushirika, fedha alipokea mwenye shamba, ambaye kwa kawaida alikuwa mume.

Kazi yenye ujira wa mke mwenyewe, iwe uuguzi, ualimu au biashara ya mnadani, ilidai kitu adimu: miaka miwili mitatu mfululizo bila mimba.

Tiba iliileta miaka hiyo kwa mwendo wa taratibu. Chama cha uzazi wa mpango, ambacho baadaye kiliitwa UMATI, kilianzia Dar es Salaam mwaka 1959. Mwaka 1974 huduma zake zikaruhusiwa kwenye kliniki za mama na mtoto za serikali, na programu ya taifa ikafuata mwaka 1989. Miaka ya 1990 Nyota ya Kijani ikawa alama ya kuwaonyesha akina mama mahali pa kuipata huduma hiyo.

Vidonge husahaulika, tena huonekana na kila anayefungua sanduku. Sindano hukaa miezi mitatu. Kijiti cha chini ya ngozi hukaa miaka mitatu au zaidi, na kwa mama anayezunguka minada hiyo ni misimu kadhaa ya kukuza mtaji.

Hata sheria inahesabu kwa miaka mitatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua mapacha, katika mzunguko wa miezi 36. Mama lishe, asiye na mwajiri, hujilipia likizo yake mwenyewe, kwa kufunga jiko.

Septemba 2018, akiwa Meatu, Rais John Magufuli aliwahimiza wananchi waache uzazi wa mpango, akisema wanaoutumia ni wavivu. Siku chache baadaye matangazo ya huduma hiyo redioni na kwenye televisheni yakasimamishwa. Maneno ya Rais yaliwaangukia wanawake wasiostahili kuitwa wavivu hata kidogo. Kitaifa, wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka 6.2 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8 mwaka 2022. Simiyu imebaki miongoni mwa mikoa yenye uzazi mkubwa zaidi nchini.