Mfupa Umeunga, Mwendo Bado: Historia Fupi ya Kurudi Kwenye Baiskeli Baada ya Kuvunjika Paja

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kuganga ni kuunganisha kilichovunjika au kuponya kilichougua. Gango ni kile kinachoshikilia vipande viwili mpaka vishikamane. Na mganga ni mwenye kazi hiyo. Lakini methali haisemi lolote kuhusu kipindi cha baada ya mfupa kuunga, pale mgonjwa anapoambiwa amepona na bado hawezi kupanda ngazi, seuze baiskeli. Kipindi hicho ndicho ninachokichunguza katika insha hii.

Hoja yangu ni kwamba historia ya majeraha, hapa kwetu na kwingineko, imeandikwa mpaka siku mgonjwa anapotoka hospitalini, kisha kalamu ikawekwa chini. Tunajua vita vilivyojeruhi watu, hospitali zilizowapokea na vyuma vilivyotiwa ndani ya mifupa. Hatujui sana jinsi watu walivyorudi kwenye mwendo wao wa zamani, ilhali kwa mgonjwa mwenyewe huo ndio uponaji.

Sikulifikia swali hili kupitia vitabu. Mwezi wa Oktoba 2022 niligongwa na pikipiki nikiwa kwenye baiskeli, nikitoka Gudele kwenda chuoni, nikavunjika mfupa wa paja la kulia. Nililala majuma nane mguu ukivutwa kwa uzito uliofungwa kwenye kamba. Hospitali iliyonitibu ilinitoa na magongo mawili na karatasi yenye mstari mmoja: mfupa umeunga. Kuhusu goti lililokuwa limekakamaa kama mlango wenye kutu, karatasi haikusema kitu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia kwa jicho la mtu anayetafuta ukurasa uliokosekana.

Tuanze na swali lililowagawa matabibu wa Ulaya katika karne ya 19: mtu aliyevunjika apumzike au ajongee? Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyefariki mwaka 1891, alisimama upande wa mapumziko marefu bila kuyakatiza. Yeye ndiye aliyebuni gango la chuma linalobeba jina lake mpaka leo. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, mpwa wake Robert Jones alisaidia kulieneza gango hilo jeshini. Mwanzoni mwa vita hivyo, inakadiriwa kwamba askari wanane katika kila 10 waliopigwa risasi na kuvunjika paja walifariki. Gango lilipotumika kwa mpango, idadi ilishuka hadi kama wawili katika kila 10. Hakuna anayeweza kudharau kazi hiyo. Hata mimi niliyelazwa na kamba mwaka 2022 ni mrithi wa fikra ile ile: shika mfupa, usitikisike, ngoja.

Upande wa pili alisimama Mfaransa Just Lucas-Championnière, aliyefundisha kwamba kiungo kikiachwa bila kujongea hufa ganzi na kukakamaa, hivyo kikandwe na kuchezeshwa mapema. Mwaka 1892 Mjerumani Julius Wolff alichapisha hoja kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba: ukitumiwa huimarika, ukiachwa hulegea. Hoja hizi zilichukua muda mrefu kupata nafasi, kwa sababu haikuwepo njia ya kumruhusu mgonjwa ajongee bila vipande vya mfupa kuachana. Njia hiyo ilipatikana mwaka 1939, daktari Mjerumani Gerhard Küntscher alipopitisha chuma kirefu katikati ya mfupa wa paja. Kwa chuma hicho, mtu anaweza kuinuka kitandani baada ya siku chache badala ya miezi. Kwa nchi zisizo na mashine za eksirei za chumba cha upasuaji, ilibidi kungoja zaidi. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN, linalotengeneza chuma cha aina hiyo kinachoweza kuwekwa bila mashine hizo na kuvipeleka kwa hospitali za nchi maskini.

Kwa hiyo nilipokuwa nimelala nikitazama kamba, nilikuwa nimelala ndani ya tarehe. Ujuzi wa kuniinua mapema ulikuwepo duniani tangu zamani; kilichokosekana ni njia ya kuufikisha kitandani kwangu.

Tukirudi kwetu, taasisi za kuwarudisha majeruhi kwenye mwendo zilijengwa na vita. Vita vya mwaka 1983 hadi 2005 vilipokuwa vikiendelea, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali Lopiding, karibu na Lokichokio kaskazini mwa Kenya, mwaka 1987. Majeruhi walisafirishwa kwa ndege kutoka Sudan Kusini mpaka huko. Ilifikia kuwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za uwanja wa vita duniani, ikahudumia makumi ya maelfu ya wagonjwa kabla Msalaba Mwekundu haujaikabidhi kwa serikali ya Kenya mwaka 2006. Kilichonivutia zaidi ni karakana iliyokuwa pale, ya kutengenezea miguu bandia na magongo. Hapo mgonjwa alifundishwa kutembea upya.

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, alipita Lopiding katika miaka ya 1990. Nilipomhoji kwa ajili ya insha hii, alizungumza kidogo sana kuhusu upasuaji. Alichokikumbuka ni zile fimbo mbili za kushikilia alipokuwa akijifunza kutembea, na jinsi wagonjwa walivyokuwa wakishindana nani atafika mwisho kwanza. Kiswahili chake alikipata katika safari hiyo hiyo, kama mimi nilivyokipata Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Aliponiona na magongo aliniita mtoto wangu, akaniambia nisihesabu siku, nihesabu hatua. Ushahidi wa namna hii hauko kwenye faili la hospitali, kwa kuwa faili lilifungwa siku aliyoondoka.

Amani ilipotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, kazi ya Lopiding ilianza kuhamia nyumbani. Mwaka 2009 kituo cha marekebisho ya viungo kilifunguliwa Juba kwa ushirikiano wa Msalaba Mwekundu na serikali. Kinatengeneza miguu bandia, kinatoa viti vya magurudumu, kinafundisha mazoezi ya viungo. Mjini pia utawaona watu wakienda sokoni kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mtu aliyepoteza miguu hakuiacha baiskeli. Alihamisha pedali zikaja kifuani.

Lakini amani hiyo hiyo ilileta aina mpya ya majeraha. Baada ya mwaka 2005 Waganda na Wakenya wengi walikuja Juba kufanya biashara, na bodaboda zikaja nao. Neno lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baiskeli ndiyo mama wa bodaboda, ingawa leo mtoto ndiye anayemsukuma mama yake mtaroni. Mwaka 2012 barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule ilifunguliwa, na mwendo wa mji ukabadilika. Mji uliokuwa umejipanga kuwapokea watu waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini ulianza kupokea vijana waliovunjika mapaja njia panda. Kijana huyu ana miguu yake yote miwili. Machoni pa jamii hana ulemavu, na hakuna anayemtuma kwenye kituo cha marekebisho. Anaambiwa ashukuru Mungu, arudi kazini. Ameanguka katikati ya taasisi mbili: hospitali imemaliza naye, na kituo hakijui habari zake.

Je, tatizo ni umaskini peke yake? Ili kujibu, nimetafuta mtu aliyevunjika mfupa kama wangu akiwa na kila kitu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na akafundwa kuendesha baiskeli na David Kinjah, katika vijiji vya Kikuyu nje ya jiji hilo. Alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Tarehe 12 Juni 2019, akikagua njia ya mashindano karibu na Roanne, Ufaransa, alipeperushwa na upepo akagonga ukuta. Alivunjika paja la kulia, kiwiko na mbavu. Alipasuliwa kwa saa nyingi, akawa na madaktari, wataalamu wa mazoezi na mashine zote za kisasa.

Mwezi wa Februari 2020 alikuwa tena kwenye mashindano, huko Falme za Kiarabu. Kwa karatasi ya hospitali, hiyo ingekuwa hadithi ya kupona kwa miezi minane. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa dhaifu kuliko wa kushoto, na ilimbidi atumie muda mrefu kuusawazisha. Katika Tour ya mwaka 2021 alimaliza nafasi ya 133. Mwezi wa Julai 2022, miaka mitatu baada ya ajali, alimaliza wa tatu katika hatua ya kupanda Alpe d'Huez. Ilikuwa siku kubwa, lakini ushindi wa zamani haukurudi. Nilijifunza mambo mawili kwake. Kwanza, hata mwenye kila kitu hupimwa kwa miaka, wala si kwa majuma. Pili, tofauti kati yake na kijana wa Gudele iko hasa katika kinachofuata upasuaji: yeye alikuwa na watu waliomsubiri nje ya hospitali wakijua la kufanya.

Mimi nilimpata mtu wangu kwa bahati. Mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo, rafiki wa mjomba wangu, alinieleza kwamba baiskeli hufaa sana kwa mguu uliovunjika kwa sababu kiti hubeba uzito wa mwili, mguu ukabaki na kazi ya kuzungusha tu. Ila goti lazima likunjike karibu nyuzi 110 ili pedali imalize duara. Langu lilifika nyuzi 70. Fundi baiskeli wa Konyo Konyo alichomelea kigingi cha vyuma chakavu kikainua gurudumu la nyuma, baiskeli ikasimama uani kwa mama. Nikaanza na nusu duara: mbele kidogo, nyuma kidogo, dakika tano asubuhi kabla ya jua kukaza na tano jioni. Tuliinua kiti juu ili goti lisikunjike sana. Mwezi wa Aprili 2023 pedali ilizunguka duara kamili, tena kinyumenyume, kwa kuwa huko ndiko duara hukubali mapema. Mama aliacha kuosha vyombo, akaniambia niongeze.

Mguu uliounga kwa kamba ulitoka mfupi kwa sentimita moja. Fundi yule yule alifunga kipande cha tairi juu ya pedali ya kulia, na maumivu ya kiuno yaliyokuwa yakinisumbua yakapungua. Mwezi wa Agosti nilitoka barabarani. Desemba nilivuka Daraja la Uhuru, lililofunguliwa Mei 2022 juu ya Bahr el Jebel, nikapumzika upande wa mashariki nusu saa, nikarudi. Kilomita kama saba za kwenda chuoni nilizokuwa nikizimaliza kwa dakika 30 zilinichukua 50 mwanzoni. Leo ni 36. Dakika sita hizo zimekaa pale pale kwa mwaka mzima sasa, na sidhani zitaondoka.

Mtu anaweza kupinga kwamba katika nchi yenye uhaba wa madaktari wa upasuaji, kuzungumzia mazoezi ya baiskeli ni anasa. Ninakubali kwamba damu huzuiwa kwanza. Lakini vifaa vilivyonirudisha vilikuwa vyuma chakavu, kipande cha tairi na maelezo ya robo saa. Kilichokuwa adimu ni maelezo. Vita vilitufundisha kwamba mtu aliyekatwa mguu hapewi mguu bandia na kuachwa mlangoni, hufundishwa kutembea. Somo hilo bado halijavushwa kutoka kwa majeruhi wa vita kwenda kwa majeruhi wa barabara.

Kwa sisi tunaosoma historia, pendekezo langu ni kubadili mahali tunapoweka nukta. Tunapoandika kuhusu hospitali, tusiishie kwenye daftari la wagonjwa waliotoka. Twende kwa mafundi baiskeli, kwa akina mama walioshika magongo, kwa wazee wa Lopiding wangali hai, tuwaulize ilichukua muda gani kurudi na nini hakikurudi. Jirani yangu amekubali nirekodi maelezo yake yote. Nimeshajaza kanda mbili, na bado hajafika siku aliyotembea bila fimbo.