Trekka: gari lililojificha nyuma ya sura ya Land Rover

Mwoneshe fundi yeyote wa gereji picha ya Trekka, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: hiyo Land Rover ya zamani. Hana kosa. Boneti ni bapa, bodi ina pembe kama sanduku, nyuma kuna turubai. Kwetu sisi, ambao barabara zetu za vumbi zilizoea Land Rover 109 za polisi na za wagonjwa, sura hiyo haina jina jingine.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tazama picha chini ya bampa la mbele. Kwenye Land Rover utaona difu, ule uvimbe wa chuma kwenye ekseli, kwa kuwa matairi ya mbele nayo hushika kazi. Kwenye Trekka mbele hakuna difu. Gari zima linasukumwa na matairi ya nyuma peke yake. Huko nyuma nako kuna dalili: kila nusu ya ekseli hucheza kivyake, kwa hiyo gari likipandishwa kwa jeki, matairi huonekana yametanuka juu na kukaribiana chini. Land Rover ya enzi hizo, yenye ekseli moja ngumu, haikai hivyo.

Mvungu huo ni wa Škoda Octavia ya Chekoslovakia: chesisi yenye bomba moja nene katikati na injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,221. Hata hivyo, Trekka haikuzaliwa Ulaya. Iliundwa Otahuhu, Auckland, nchini New Zealand, kuanzia 1966 hadi 1973.

Tangu 1938, New Zealand ilidhibiti uagizaji wa bidhaa kwa leseni ili kulinda fedha za kigeni, ambazo ilizipata zaidi kwa kuuza sufu, nyama na siagi. Magari mapya yakawa adimu. Noel Turner, mfanyabiashara wa magari ya Škoda, akaona upenyo: aagize chesisi na injini, bodi itengenezwe nyumbani. Bati la chuma lilikatwa na kukunjwa kwa mistari iliyonyooka, maana mashine za kufinyanga bodi za mviringo ni ghali mno kwa soko dogo.

Hapo ndipo kufanana kwa magari haya mawili kunapopata maana. Land Rover yenyewe, ilipotoka 1948, ilikuwa na bodi bapa kwa sababu ya shida. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, hivyo wakatumia aluminiamu iliyokunjwa kirahisi. Trekka iliiga sura ya Land Rover, ni kweli, lakini uhaba ndio uliozichonga zote mbili.

Mvungu ule ulibeba pia siasa za dunia. Wakati New Zealand ina wanajeshi Vietnam upande wa Marekani, mkulima wake alikuwa akienda shambani kwa injini iliyotoka nchi ya kikomunisti. Mwaka 2003 msanii Michael Stevenson aliipeleka Trekka kwenye maonesho ya sanaa ya Venice, ikasimama mbele ya watu kama shahidi wa enzi hiyo.

Ziliundwa Trekka zipatazo 2,500 tu, kisha zikatoweka barabarani kimyakimya. Ndiyo sababu nawasihi wenye albamu za zamani: picha ya gari la kazi msiipe jina kwa kutazama boneti. Inameni. Tafuteni difu, tazameni matairi yamekaaje, ulizeni bodi ilikunjwa au ilifinyangwa. Boneti ya Trekka inasema Uingereza, ekseli yake inasema Chekoslovakia, na mikunjo ya bati lake ni kazi ya mikono ya Otahuhu. Anayeishia kwenye boneti anawanyima mafundi wale jina la gari lao.