Nitembee na Nani?

Nesi alimwambia kukhu atembee. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, presha itashuka na magoti yatalainika. Mimi nilikuwa nimekaa kando nikiitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa. Kukhu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, nitembee nikienda wapi? Na nani?"

Tukacheka sote. Halafu tukapanda boda tukarudi Lurambi.

Hesabu ya nesi haina makosa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na juu yake mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuanguka, siku tatu au zaidi. Shida ni kwamba hesabu hiyo inamwona mzee anayeamka, anavaa raba na kutoka peke yake. Hapa kwetu mzee akitoka hivyo, majirani watauliza nani amekufa.

Kukhu alizaliwa Isukha, upande wa Shinyalu, akaolewa huku Butsotso. Mama yake aliishi miaka ya dhahabu. Mnamo 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega, na Wazungu wakamiminika. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ikichukuliwa watapewa ardhi nyingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha ili ilipe pesa tu na migodi iendelee. Wanaume waliokuwa wakisakwa na kodi wakashuka mashimoni, kama pale Rosterman, ambao unazeeka hapa hapa Lurambi. Wengine wakaenda kwenye mashamba ya walowezi. Jembe likabaki na wanawake na wazee.

Kukhu anasema mama yake alilima kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Ukichelewa, wanakupitia nyumbani. Ukiwa mgonjwa, wanalima lako halafu wanakuja kukuchongoa mpaka upone. Hakuna aliyeita hayo mazoezi. Mama huyo alikuwa bado akiinama shambani akiwa ajuza, na sidhani ni kwa sababu ya mifupa migumu. Aliinama kwa sababu kulikuwa na mtu kushoto na mwingine kulia.

Halafu kuna isukuti. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala, njuga za chuma, na mwimbaji mmoja anayeanzisha huku wengine wakijibu. Ni ya Waisukha na Waidakho, na hupigwa mtoto akizaliwa, mtu akioa, mtu akizikwa, hata timu ikishinda. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba wengi wa wanaoijua ni wazee wasio na warithi. Kila mtu husoma sentensi hiyo akiihurumia ngoma. Mimi niliisoma nikawaza: kumbe wazee ndio bado wanacheza! Na mchezo wenyewe si wa mzaha, una kasi, mabega hayapumziki. Lakini kwenye duara hakuna anayekuhesabia hatua. Ukichoka unapiga makofi, ukipata pumzi unarudi.

Basi ni nini kilimkalisha kukhu kwenye kiti?

Ningependa kuwalaumu watu wa pikipiki. Tangu 2008 hivi, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, njia zetu zote zimejaa boda. Lakini boda haikujiita. Niliyeita ni mimi. Nilipopata kazi Nairobi, nilipanga na kijana mmoja wa stendi awe akimpeleka kukhu kanisani kila Jumapili, namlipa kwa simu. Nilijiona mjukuu wa maana. Kabla ya hapo alikuwa akitembea na rafiki yake mmoja, wanasimama kila lango kusalimia, dakika arobaini za kwenda wanazifanya saa nzima. Boda ilibeba mtu mmoja. Rafiki akaendelea kutembea peke yake, kisha akaacha, kisha mwaka juzi akafariki. Niliununua ule mwendo wao, tena kwa bei rahisi.

Sikulijua hilo hadi siku ya swali la kliniki. Msaada wangu ulimfikisha kanisani. Wa yule rafiki ulimtembeza.

Agosti tulikuwa na matanga Shinyalu. Isukuti ilianza alasiri. Kukhu alikuwa chini ya turubai, blanketi magotini, mimi pembeni nikilinda fimbo yake. Ajuza wawili walikuja, wenzake wa utotoni. Hawakuuliza habari ya presha. Mmoja alimshika mkono tu, akamwambia kitu kwa Kiisukha sikukisikia vizuri. Blanketi likaniangukia mimi. Walicheza polepole, mabega zaidi ya miguu, kwa muda ambao nesi angeufurahia.

Jioni nilitoa simu nimwite mtu wa boda. Nilipoinua macho, watatu hao walikuwa wameshafika kwenye kona ya barabara, wakimsema mwimbaji kwamba sauti yake siku hizi imekuwa kama ya mbuzi. Fimbo nilikuwa nayo mimi.