Nyota za usajili zina uzito gani katika futiboli ya vyuo vikuu Marekani?

KILA mwaka ifikapo Desemba, vijana wanaomaliza sekondari nchini Marekani hutia saini kujiunga na timu za vyuo vikuu za futiboli ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa zaidi kwa mikono. Kabla ya siku hiyo, kampuni kama Rivals, 247Sports na ESPN huwa zimekwishawapanga kwa nyota, tano zikiwa ndicho kiwango cha juu. Thamani ya vijana waliosajiliwa ndiyo hukipa chuo nafasi yake, na mashabiki huipokea orodha hiyo kana kwamba ni msimamo wa ligi.

Nyota tano hutolewa kwa uchache. 247Sports huwapa vijana wapatao 32 kwa mwaka, sawa na idadi ya timu za ligi ya kulipwa, NFL. Wapembuzi hutazama picha za video, vipimo vya mwili, kasi na uwezo kambini. Aidha, huzingatia vyuo vinavyomwania kijana, jambo linalozua lawama kwamba wakubwa wakimtaka mtu, nyota zake huongezeka.

Kwa timu nzima, orodha hizo zina uzito mkubwa. Alabama, iliyokuwa kileleni mwa usajili karibu kila mwaka chini ya kocha Nick Saban kati ya 2007 na 2023, ilitwaa mataji sita. Georgia, nayo yenye usajili mnono, ilitwaa ubingwa wa misimu ya 2021 na 2022. Mwandishi Bud Elliott alionyesha kuwa bingwa huwa ni timu ambayo zaidi ya nusu ya vijana iliowasajili kutoka sekondari wana nyota nne au tano. Kanuni hiyo ilisimama kwa zaidi ya muongo mmoja, hadi msimu wa 2024.

Hata hivyo, vipaji pekee havitoshi. Mwaka 2022, Texas A&M iliongoza orodha ya usajili, lakini msimu huohuo ilishinda michezo mitano na kupoteza saba. Kocha Jimbo Fisher alifutwa kazi Novemba 2023, kwa fidia inayozidi dola milioni 75.

Kwa mchezaji mmoja mmoja, nyota hukosea zaidi. J.J. Watt alipewa mbili tu, kisha akawa mmoja wa walinzi hatari wa NFL. Josh Allen hakutakiwa na chuo kikuu chochote kikubwa alipomaliza sekondari, lakini mwaka 2018 aliteuliwa wa saba kuingia NFL. Wachezaji wa nyota tatu ni wengi katika ligi hiyo kwa kuwa ndio wengi tangu mwanzo. Kwa uwiano, wa nyota tano ndio wanaofika zaidi.

Uhuru wa wachezaji kuhama nao umepunguza nguvu ya orodha za sekondari. Indiana, iliyoshinda michezo mitatu tu mwaka 2023, ilimwajiri kocha Curt Cignetti na kuchukua wachezaji waliokwishakomaa vyuoni kwingine, akiwamo Fernando Mendoza kutoka California. Ilimaliza msimu wa 2025 bila kufungwa na kutwaa ubingwa Januari 2026, ikiivunja kanuni ya Elliott.

Wakati huohuo, thamani ya nyota imepanda mfukoni. Tangu 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kijana wa miaka 17 sasa huweza kuingiza fedha kwa makadirio ya wapembuzi kabla hajacheza mchezo hata mmoja wa chuo, huku mwenzake mwenye nyota mbili akianza kwa kuthibitisha kwamba walimhesabu vibaya.