Mzingile wa Nyanya

Nyanya yangu alizaliwa Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, akaolewa Nyamira. Si mbali. Lakini barabara ni kona juu ya kona, na akipanda matatu, kabla hajafika Kisii mjini ashaomba karatasi ya kutapikia. Miaka saba hajaenda kwao. Mazishi ya kakake yalimpita hivyo.

Nilipojifunza kuunda mandhari za uhalisia pepe, nikasema basi Tabaka itamfuata nyumbani. Nikajenga mzingile: vijia vinavyopishana kati ya kuta za mawe meupe na ya waridi, na katikati, lango la boma la babake. Akavaa miwani akiwa ameketi. Hata dakika haikuisha.

"Mjukuu wangu, hii nayo ni matatu," akasema, akiitisha karai.

Niliumia, sitaficha. Ndipo nikaanza kusoma.

Ndani ya sikio kuna mifereji midogo ya majimaji inayohisi mwili ukigeuka. Kwenye matatu, macho yaliyokwama kwenye kiti cha mbele yanasema tumetulia. Sikio linasema tunapinda. Kwenye miwani ni kinyume: macho yanasafiri, sikio limebaki kitini. Mgongano huo ndio James Reason na J. J. Brand waliueleza katika kitabu chao cha 1975. Dere naye hatapiki kwa sababu anaijua kona kabla haijafika.

Lakini kilichonikalisha chini ni mzingile mmoja wa zamani. Mwaka 1973, katika kituo cha NASA Ames huko California, vijana watatu, Steve Colley, Howard Palmer na Greg Thompson, waliunda gemu iitwayo Maze kwenye kompyuta aina ya Imlac. Unaona vijia kana kwamba uko ndani yake. Unasonga mraba mmoja kwa wakati. Ukigeuka, unageuka nyuzi 90 kwa mkupuo, hakuna kuteleza. Miaka 19 baadaye ikaja Wolfenstein 3D, ukuta unapita laini kama siagi, na matumbo ya baadhi ya wachezaji yakaanza kulalamika. Leo, pamoja na nguvu zote za mashine zetu, waundaji wa uhalisia pepe wamerudi kulekule: ruka hatua, geuka kwa mkupuo. Mimi nilikuwa nimeiga ile siagi.

Kuna mbinu mpya pia. Mwaka 2016 Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba ukiyafinya mandhari pembeni polepole mtu anaposonga, kichefuchefu hupungua. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Purdue walichora pua katikati ya picha ili macho yapate kitu kisichohama. (Pua! Nilicheka, halafu nikaacha.)

Nikabomoa kila kitu. Ngazi nikatoa. Kona nikazipanua ili aone kijia kinachofuata kabla ya kugeuka. Badala ya pua nikaweka ukingo wa kikapu, kama amekipakata. Kila hatua aliiruka mwenyewe kwa kubonyeza kidole.

Jumapili iliyopita alikaa humo dakika kumi na moja. Karai lilikuwa karibu, halikuguswa. Alipofika langoni alinyamaza kabisa, nikadhani imeanza tena.

"Mparachichi ulikuwa kushoto," akasema. "Uhamishe."