Mwenye Kaburi na Asiye na Kaburi: Matembezi ya Siku Moja katika Kisiwa cha Mvita

Mtu anayetaka kuijua historia ya Mombasa kwa siku moja huambiwa aanzie Ngomeni. Ushauri huo una sababu zake. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa mjenzi mkuu wa Wareno katika Bara Hindi. Ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza, mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kila tukio lina mwaka wake, na kila mwaka una hati yake.

Hata hivyo, wenyeji wa kisiwa wanapoisimulia asili yao hawaianzii Ngomeni. Huianzia kwenye kaburi lisilo na mwaka, kaburi la Shehe Mvita, upande wa kaskazini wa Mji wa Kale. Makala haya yanaifuata njia iliyopo baina ya mahali hapo pawili, na shabaha yake ni swali moja: kwa nini mji umemtunzia kaburi mtu ambaye hati hazimjui, na haukumtunzia kaburi mtu ambaye hati zinamjua mno?

Huyo wa pili ni Yusuf bin Hasan, naye hukutwa mlangoni mwa ngome kabla mgeni hajaingia ndani. Juu ya lango pana jiwe lililochorwa maandishi ya Kireno mwaka 1635, la kumsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuijenga upya ngome na kuwatiisha watu wa pwani. Jiwe hilo lataja kwamba watu hao walikuwa wameasi chini ya mfalme dhalimu, wala halimtaji mfalme huyo kwa jina.

Mfalme huyo ndiye Yusuf. Baba yake, Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614. Mtoto akachukuliwa kupelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Baadaye Wareno walimrudisha Mombasa atawale kwa niaba yao, wakitumaini kwamba wamempata mfalme wa pwani aliye Mkristo. Tumaini hilo halikudumu. Kapteni aliletewa habari kwamba mfalme ameonekana akisali kwa desturi ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake. Mwezi wa Agosti 1631, kabla hajakamatwa, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na Wareno wa mjini wakauawa pamoja na Wakristo wenyeji waliokataa kuiacha dini yao. Merikebu za kivita zilizotumwa kutoka Goa mwanzoni mwa mwaka 1632 zilishindwa kuitwaa ngome. Lakini mwaka huo huo Yusuf mwenyewe aliibomoa, akaondoka kwa jahazi, akaishi maisha ya vita vya baharini hadi alipokufa mwaka 1638 katika pande za Bahari ya Shamu.

Yafaa jambo moja lisisitizwe hapa. Uasi ulio mkubwa kuliko wote waliopambana nao Wareno Mombasa katika karne hiyo ulichochewa na ziara ya kaburi. Mtoto aliyenyang'anywa jina, dini na lugha ya kwao alirudi kusimama mbele ya mfu wake, na watawala wakatambua mara moja kwamba hilo ni jambo la hatari. Ushahidi uliochukuliwa Goa kuhusu mauaji hayo umehifadhiwa, na mwaka 1980 G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha. Kwa hivyo siku za mwisho za utawala wa Yusuf zinajulikana kwa undani kuliko siku za mtawala yeyote wa Mombasa wa zama zile. Lakini kaburi la baba yake halionyeshwi na mtu mjini, na lake mwenyewe halipo kisiwani.

Kutoka langoni mgeni huingia Ndia Kuu. Jina hili ni ushahidi wa kwanza wa aina nyingine, usiohitaji jiwe. Kiswahili Sanifu husema njia. Kimvita husema ndia, kama kinavyosema ndaa kwa njaa na ndoo kwa njoo. Sehemu hii ya kusini ya Mji wa Kale iliitwa Gavana, neno lililoachwa na Wareno kwa kuwa gavana wao alikaa upande huu. Sehemu ya kaskazini ndiyo iliyoitwa Mvita, au Mji wa Kale hasa. Hivyo, hata kabla ya kusoma kitabu, atembeaye huambiwa na majina kwamba miji miwili ilikaa bega kwa bega: mmoja wa watawala, na mmoja wa wenyeji. Katika Mji wa Kale upo Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, yaani kabla ya ngome. Na chini yake ipo bandari ya kale ya majahazi. Karibu na hapo ipo nyumba inayolichukua jina la Leven, manowari ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyeweka himaya ya muda mfupi Mombasa tangu mwaka 1824 hadi 1826, wakati wa Mazrui.

Njia ikishaacha Mji wa Kale hufika Bondeni. Jina lenyewe lajieleza: ni bonde lenye kiambishi tamati cha mahali. Hapa hapana ngome wala jiwe la sifa, na vitabu vya kuongoza wageni hupita haraka. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha mtaa kama huu una faida kubwa. Majina ya Bondeni, Kibokoni, Majengo na Mwembe Tayari hayakutungwa na ofisi yoyote. Yalitokana na namna watu walivyoiona ardhi waliyoikanyaga: bonde, mti, nyumba mpya. Katika mitaa hii, watu wa makabila na dini mbalimbali wamejifunza kuuita mji kwa majina ya Kiswahili, na kwa kufanya hivyo wakawa watu wa mji. Jambo hili litasaidia kulielewa kaburi ambalo ndilo mwisho wa safari.

Mapokeo husema kwamba mji wa kwanza wa kisiwa uliitwa Kongowea, ukatawaliwa na malkia Mwana Mkisi. Kisha akaja Shehe Mvita, akausimamisha mji mpya, akajenga msikiti wa kwanza wa mawe. Hapana hati ya wakati wake inayomtaja. Hata hivyo mapokeo hayo hayakosi mahali pa kushikana na ushahidi mwingine. Al-Idrisi aliitaja Mombasa katika karne ya 12. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akaandika kwamba watu wake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwamba misikiti yao ni ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Hamo Sassoon naye, kwa uchimbaji wake wa miaka ya 1970 katika uwanja wa hospitali kuu ya mkoa wa Pwani, alionyesha kwamba upande wa kaskazini wa kisiwa ulikuwa na mji karne nyingi kabla ya Wareno. Habari za msikiti wa mbao na habari za msikiti wa kwanza wa mawe zikiwekwa pamoja, huenda mtu akashawishika kumweka Shehe Mvita baada ya mwaka 1331. Pengine ni hivyo. Lakini kumbukumbu ya namna hii haikukusudiwa kutunza miaka. Ilikusudiwa kutunza uhusiano wa watu.

Jina lenyewe limeleta mjadala. Wako wanaolieleza Mvita kwa neno vita, na maelezo hayo yana mvuto, kwa kuwa Wareno waliushambulia mji huu mwaka 1505, tena mwaka 1528, na tena mwaka 1589. Kisarufi, lakini, yana taabu. Katika neno vita, vi- ni kiambishi cha ngeli. Shina ni -ta, lile lile la uta, yaani upinde, na wingi wake mata. Kuweka m- ya mtu juu ya vi- si kawaida ya lugha. Yaelekea kwamba jina lilitangulia, na vita vikaja kulipa maana. Kongowea nalo halikupotea: leo ni jina la mahali bara, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa. Jina huhama, mradi wapo wa kulitamka.

Jibu la swali la mwanzo laanza kuonekana hapa. Waswahili wa Mombasa hujihesabu kwa Thenashara Taifa. Tisa Taifa ni Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Faza, Shaka, Bajuni na Katwa. Thelatha Taifa ni Kilindini, Changamwe na Tangana. Majina mengi katika hayo ni ya miji ambayo wenyewe walihama. Walikuja kisiwani, wakapewa mitaa, wakaoana na waliowatangulia, wakasema Kimvita, na historia ya Shehe Mvita ikawa historia yao. Kaburi lile, basi, halikuwa la damu moja. Lilikuwa mahali ambapo mgeni wa jana angeweza kusimama na kusema: hapa ndipo kwetu.

Yusuf hakuwa na nafasi hiyo. Ukoo wake ulikuwa wa watawala wa Malindi, marafiki wa Wareno tangu mwaka 1498, nao waliwekwa Mombasa kwa nguvu za Wareno hao baada ya nasaba ya kale ya Mombasa kuanguka mwishoni mwa karne ya 16. Katika orodha ya mataifa kama inavyotajwa kwa kawaida, jina la Malindi halimo. Yusuf aliwapiga watesi wa mji, lakini kisha aliuacha mji, na hakubaki mjukuu wa kulitaja jina lake katika nasaba. Ushujaa wake ulihifadhiwa na adui zake, kwa lugha yao na kwa shabaha yao.

Si wanazuoni wote waliokubaliana na heshima wapewayo wafu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, aliyakemea katika gazeti lake la Al-Islah la mwaka 1932 mambo aliyoyahesabu kuwa ni uzushi katika dini, na ziara za kuomba makaburini zilikuwa miongoni mwa hayo. Hoja yake ilikuwa ya itikadi, na ina uzito wake. Lakini historia inauliza jambo jingine: ziara ikiisha, ni nini kitakachobeba kumbukumbu ambayo ziara ilikuwa ikiibeba?

Swali hilo lawahusu zaidi wanaoshughulika na lugha. Kimvita ndicho kilichokuwa msingi wa kamusi ya Krapf iliyotoka mwaka 1882, na tungo za Muyaka bin Haji zimetufikia kwa jitihada za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliozikusanya Mombasa. Lakini ni Mombasa hiyo hiyo ulikofanyika, mwaka 1928, mkutano ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Uamuzi huo ulileta manufaa makubwa ya elimu na uchapishaji, na hapana haja ya kuujutia. Gharama yake, hata hivyo, haina budi kuhesabiwa. Mtoto wa Bondeni aliyefundishwa shuleni kwamba ndia ni kosa amefundishwa pia kwamba jina la njia kuu ya mji wake ni kosa.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kenya huadhimisha Siku ya Mashujaa kila tarehe 20 Oktoba, na majina ya wanaostahili kukumbukwa hutafutwa kila upande. Katika kazi hiyo Yusuf bin Hasan anastahili kuondolewa katika jiwe la adui asilotajwa kwa jina, na kurudishwa katika masomo ya historia pamoja na ukatili na ushujaa wake. Shehe Mvita hahitaji kurudishwa. Yeye anahitaji kusikilizwa. Nasaba za mataifa, majina ya mitaa na visima, na maelezo ya wazee juu ya makaburi yapaswa kuandikwa kama yanavyosemwa, kwa Kimvita chenyewe, bila kusanifishwa. Jiwe la mwaka 1635 litaweza kusomwa na yeyote atakayejifunza Kireno. Yanayojulikana juu ya kaburi la Shehe Mvita yako vinywani mwa watu, na watu hao ni wazee.