Kaburi Ng'ambo ya Mombasa

Kupokea ahadi ni jambo jepesi. Kungoja ndiko kugumu. Mtu aliyeahidiwa kitu na mwenziwe aweza kumwendea siku ikipita, akamdai. Lakini mtu aaminiye kwamba ameahidiwa na Mungu hana baraza la kupeleka madai yake, wala hakutajiwa siku. Afanye nini, basi, katika miaka ya kungoja? Swali hili, msomaji, si la wahubiri peke yao. Ni swali la historia pia, kwa maana mambo mengi yaliyotendeka katika nchi yetu yalitendwa na watu waliokuwa wakingoja.

Yafaa kwanza tutazame asili ya kungoja huko. Mwaka wa 586 K.K. majeshi ya Babeli yaliuteketeza mji wa Yerusalemu pamoja na hekalu lake, na Wayahudi wengi wakachukuliwa mateka. Manabii wao waliwafundisha wasikate tamaa, kwani Mungu atainua mfalme wa ukoo wa Daudi. Mfalme huyo wakamwita Masihi, yaani aliyepakwa mafuta, kama walivyopakwa wafalme wao wa kale. Waajemi wakatawala, wakaja Wayunani, na mwaka wa 63 K.K. Pompey, jemadari wa Kirumi, akauteka Yerusalemu. Watu wengi walitazamia mfalme mwenye upanga. Wakristo husadiki kwamba Masihi alikuja kweli, ila alikuja kama mtoto wa nyumba ya seremala, akafa msalabani mikononi mwa Warumi, akafufuka. Nao wangali wakimngoja arudi. Ahadi, kwa imani yao, ilitimia, lakini haikutimia kwa njia iliyotazamiwa. Neno hili ulishike, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwa mtu mmoja aliyelelewa katika tumaini hilo. Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji cha Württemberg katika Ujerumani, na baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipigwa vibaya kwa kosa asilolifanya, akaugua kwa muda wa miezi sita. Kitandani alisoma habari za Ibrahimu, mzee aliyeambiwa atoke kwao kwenda katika nchi asiyoijua, kwa ahadi tu. Tena watu wengi wa Württemberg wakati ule walikuwa wakiamini kwamba kurudi kwa Kristo ku karibu. Mwanachuoni wao mmoja, Johann Albrecht Bengel, alikuwa amepiga hesabu kutoka katika Maandiko, akautaja mwaka wa 1836. Mwaka huo ukafika, ukapita, na dunia ikabaki kama ilivyokuwa. Wako ambao imani yao ingezimika papo hapo. Krapf aliondoka kwao mwaka uliofuata, 1837, akaenda Uhabeshi kwa kutumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS.

Huko Uhabeshi alikaa hasa katika nchi ya Shoa, akaweka moyoni shauri la kuwafikia Waoromo, ambao zamani hizo waliitwa Wagalla. Alipozuiwa asirudi Shoa, aliona afadhali kuwaendea kutoka upande wa kusini, kwa njia ya pwani yetu. Katika safari za nyikani karibu na Massawa, mkewe Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, yaani chozi, kwa lugha ya Kihabeshi.

Mwezi wa Januari 1844 walifika Unguja. Sayyid Said alimpokea Krapf kwa heshima, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei wakafanya makao Mombasa. Tarehe 8 Juni, akisaidiwa na kadhi wa mji, mwanachuoni wa Kiislamu, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Tarehe 6 Julai Rosine alizaa mtoto wa kike, na mara homa ikawashika wote wawili, mume na mke. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki, na mtoto akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata ilikuwa shida kwake kusimama. Kwa wasia wa marehemu, mama na mtoto walizikwa barani, ng'ambo ya kisiwa, karibu na njia waliyopita Wanyika kwenda mjini, ili kaburi liwe ukumbusho kwa wapitao. Wanyika ndio tuwaitao leo Wamijikenda.

Tafakari, msomaji, hali ya mtu huyu. Kwa muda wa miezi sita tangu kufika pwani hakuwa na mwanafunzi hata mmoja, na sasa hakuwa na mke wala mtoto. Angalirudi kwao, hakuna ambaye angalimlaumu. Badala yake aliwaandikia wakubwa wa chama chake kwamba kaburi lile liwe kwao ishara ya kuwa kazi imeanza katika sehemu hii ya dunia, na kwamba ushindi wa Kanisa hupatikana kwa kuvuka makaburi ya watu wake. Maneno hayo aliyaandika mjane mwenye homa, ambaye machoni pa watu hakuwa na ushindi wowote wa kuonyesha.

Alirudi kwenye kazi yake. Sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo zilipigwa chapa mwaka wa 1847 katika jarida la wanachuoni wa Marekani. Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, na mwezi wa Agosti, kwa ridhaa ya wazee wa Rabai, wakajenga huko. Walisafiri sana. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka wa 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka wa 1849, akiwa Ukambani. Na mabingwa wa jiografia huko Ulaya wakawacheka waliposikia habari ya theluji karibu na ikweta. Lakini huko Rabai kwenyewe, mavuno yalikuwa machache mno. Wazee walikuwa na kaya zao na ibada zao, wakamwomba Mulungu kama walivyofundishwa na baba zao, wala hawakuona haja ya kuyaacha. Wa kwanza kubatizwa, mwaka wa 1851, alikuwa Mringe, kilema aliyekuwa karibu kufa.

Tusifiche ya kuwa makusudi mengi ya Krapf yaliharibika. Waoromo hakuwafikia kama alivyotaka. Alitamani kuona safu ya vituo vya misioni kutoka Mombasa hata pwani ya magharibi ya Afrika, hakuiona. Mwaka wa 1853 ugonjwa ulimlazimu kurudi Ulaya. Rebmann alibaki hata mwaka wa 1875, miaka ishirini na tisa bila kwenda kwao Ulaya hata mara moja, na alipoondoka alikuwa kipofu. Mtu ahesabuye kwa vidole angalisema kwamba kazi ya watu wawili hawa ilikuwa hasara tupu. Wahenga husema mchumia juani hulia kivulini. Hawa walichumia juani, wala kivuli hawakukiona.

Basi, ahadi ilikuwa wapi? Ilikuja kwa njia ambayo haikuwa katika shauri la Krapf. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa na kukomesha biashara hiyo baharini. Mwaka wa 1875 CMS ilianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa huko Kisauni, kikaitwa Freretown. Kijiji hicho kilisimama si mbali na kaburi la Rosine. Kengele yake ingaliko, na mahali hapo huitwa Kengeleni hata leo. Miongoni mwa viongozi wao walikuwamo Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakalelewa Bara Hindi. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka wa 1885. Huko Rabai, Jones aliwapokea watoro waliowakimbia mabwana wao, ijapokuwa mabwana hao walitishia kuja kwa silaha. Tarehe 1 Januari 1889, baada ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki kuwalipa wenye watumwa fidia, watoro zaidi ya 1,400 walipata hati za uhuru. Kwa watu hawa, habari ya Mungu awatoaye wafungwa haikuwa hadithi ya Babeli ya kale. Waliijua kwa miguu yao na migongo yao.

Krapf hakumjua kila mmoja wa watu hao. Alikufa tarehe 26 Novemba 1881 huko Korntal, akiwa amepiga magoti katika sala. Lakini katika kitabu chake cha safari alikuwa ameandika kwamba siku itakuja ambapo Afrika itahitaji askofu na makasisi weusi. Mwaka wa 1955, miaka mia moja na kumi na mmoja baada ya kaburi lile kuchimbwa, Festo Olang' na Obadiah Kariuki waliwekwa wakfu kuwa maaskofu, Waafrika wa kwanza wa Kenya katika Kanisa la Kianglikana.

Wako wasemao kwamba wamisionari walifungua njia ambayo serikali ya kikoloni ilipitia baadaye, na historia haiwezi kuwanyamazisha, kwa maana yamo ya kweli katika usemi huo. Njia ikishafunguliwa, hupitwa na wema na wabaya. Lakini tukitaka kumpima Krapf kwa haki, yatupasa kutazama aliyoyatenda alipokuwa akingoja: alijifunza lugha ya watu, akaandika kamusi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka wa 1882, akazika wafu wake, akaendelea na kazi.

Huenda wewe, msomaji, ni Mkristo, au huenda si Mkristo. Kwa vyovyote vile, utapata siku za kungoja jambo usiloliona. Hapo usihesabu tarehe kama alivyohesabu Bengel, wala usimchagulie Mungu njia ya kupitia, kama walivyofanya wale waliotaka mfalme mwenye upanga. Ukipata nafasi ya kufika Mombasa, vuka uende Mkomani ukalitazame kaburi la mama na mtoto wake. Aliomba azikwe njiani ili wapitao wakumbuke. Wapitaji waliokuja kukaa karibu naye hawakuwa wale aliowafikiri, nao walikuja wakiwa wamefunguliwa minyororo.